Poon Hill, Langtang au Kedarkantha: njia ipi ya Himalaya kwa anayeanza?

Ukitaja Himalaya mbele za watu, mazungumzo huruka moja kwa moja hadi Everest: mitungi ya oksijeni, vidole vilivyokatwa kwa sababu ya baridi, maiti zilizobaki kwenye barafu. Lakini sehemu kubwa ya milima ile inakaliwa na watu. Kuna vijiji, kuna matuta ya ulezi na mpunga, na kuna njia za miguu ambazo wachuuzi, wachungaji na mahujaji wamezipita kwa karne nyingi. Mwenye afya ya kawaida, anayeweza kutembea saa tano au sita leo na kesho akaamka akatembea tena, anazimudu bila kamba wala shoka la barafu.

Kazi ni kuchagua. Nimechukua njia tatu ambazo wanaoanza hupendekezewa mara kwa mara: Ghorepani–Poon Hill, inayoanzia upande wa Pokhara nchini Nepal, bonde la Langtang, kaskazini mwa Kathmandu, Nepal pia, na Kedarkantha, katika jimbo la Uttarakhand nchini India. Zote huisha ndani ya wiki moja au kuzidi kidogo. Zinakotofautiana ni kwenye mambo ambayo picha za mitandaoni hazionyeshi.

## Tunapima kwa nini

Nimezipima kwa mambo sita: unalala juu kiasi gani, njia yenyewe ikoje, kufika mwanzo wa njia, malazi na chakula, msimu, na gharama pamoja na namna ya kutoka ukiugua.

Kulala nimekuweka mbele makusudi. Wengi huulizia urefu wa kilele, kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye kibao cha kupigia picha. Mwili haugombi sana ukiupeleka mita 3,800 alfajiri na kuushusha kabla ya chai ya saa nne. Hugomba ukiulaza huko. Madaktari wa milimani wana kanuni moja inayofaa kukaririwa: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja zaidi palepale.

## Utalala juu kiasi gani

Poon Hill ndiyo ya upole kuliko zote. Usiku wa juu kabisa ni wa Ghorepani, kwenye mita 2,860 hivi, juu kidogo ya kibanda cha Mandara kwa anayeijua Kilimanjaro. Kilima chenyewe kina mita 3,210, na unakipanda alfajiri kwa muda usiofika saa moja, kisha unarudi kunywa chai.

Kedarkantha ina kilele cha mita 3,810, juu kidogo ya kibanda cha Horombo cha Kilimanjaro. Kambi ya mwisho huwekwa karibu na mita 3,400, na safari inaanzia kijiji cha Sankri kilichoko karibu na mita 1,950. Unapanda kwa kasi kiasi, lakini unakaa juu usiku mmoja tu.

Langtang ndiyo inayodai heshima. Kyanjin Gompa, kijiji cha mwisho, kiko mita 3,870 hivi, na huko unalala usiku mbili au zaidi. Tatizo liko kwenye ratiba inayouzwa na wengi: siku ya kwanza Lama Hotel (karibu mita 2,400), siku ya pili Langtang (3,430). Hiyo ni mita elfu moja kwa siku, na hapo ndipo vichwa huanza kuuma. Mwambie wakala akuwekee usiku mmoja Ghodatabela, karibu na mita 3,000, katikati ya hivyo viwili. Akisema haiwezekani, tafuta wakala mwingine.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Wazungu huligusa kwa mstari mmoja, na kwetu ni kubwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) asiende kwenye njia hizi bila daktari wake kumruhusu waziwazi. Hata anayebeba tu vinasaba vya selimundu bila kuugua anaweza, kwa nadra, kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Kama hujawahi kupima, pima kabla hujakata tiketi.

## Njia yenyewe na unachokiona

Poon Hill ni ngazi. Kati ya Tikhedhunga na Ulleri kuna vipandio vya mawe zaidi ya 3,000, vilivyopangwa na wenyeji, na siku hiyo utajua magoti yako yana umri gani. Wengine siku hizi hupanda jipu hadi Ulleri na kuziruka ngazi zote. Si kosa, ila unapoteza kipande chenye uhai kuliko vyote. Misafara ya nyumbu hupita humo ikiwa na mitungi ya gesi na magunia ya mchele, kengele zikilia shingoni. Ukiisikia, egemea upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Nyumbu hakusudii kukusukuma. Mzigo wake ndio unaokusukuma.

Juu, jua likichomoza, unaona Dhaulagiri (mita 8,167) na Annapurna ya Kwanza (mita 8,091) kwa mkupuo mmoja, na pembeni Machapuchare, mlima wenye kilele kama mkia wa samaki ambao ni mtakatifu na umefungwa kwa wapandaji. Hutakuwa peke yako. Msimu wa Oktoba mamia ya watu husimama pale na tochi zao, na anayetafuta ukimya atanung'unika. Kurudi unapitia Tadapani na Ghandruk, kijiji cha Wagurung chenye nyumba za mawe, watu ambao kwa vizazi wamepeleka vijana wao katika vikosi vya Gurkha, askari wa Kinepali wanaotumikia majeshi ya Uingereza na India.

Langtang ni bonde moja refu linalofunguka polepole. Siku ya kwanza unatembea msituni kando ya mto wenye kelele hata mazungumzo yanakuwa kazi, na nyani wa kijivu wenye mikia mirefu juu ya miti. Baadaye miti inapungua, malisho ya yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, yanaanza, na mlima wa Langtang Lirung wenye zaidi ya mita 7,200 unasimama juu ya kichwa chako. Wenyeji ni Watamang na watu wenye asili ya Tibeti. Njiani kuna kuta ndefu za mawe yaliyochongwa dua za Kibudha, na adabu ni kuzipita ukiwa umeziacha mkono wako wa kulia.

Kijiji cha Langtang unachokiona sasa kimejengwa upya. Tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilimwaga barafu na miamba kutoka juu, na kijiji chote kikafukiwa. Waliokufa bondeni humo ni zaidi ya 200, wenyeji na wageni. Njia inapita juu ya kifusi hicho. Wengi wanaokukaribisha chai walipoteza ndugu hapo, kwa hiyo kamera iwe na adabu.

Kutoka Kyanjin, mwenye nguvu huongeza Kyanjin Ri (mita 4,773) au Tserko Ri, ambayo kwa mita 4,984 inalingana na Lenana ya Mlima Kenya. Si lazima. Bonde lenyewe linatosha.

Kedarkantha ni msitu na theluji. Unapita misonobari na mialoni hadi kwenye kidimbwi cha Juda ka Talab ambacho Januari huganda, kisha maeneo ya wazi meupe. Kilele hupandwa kuanzia saa nane au tisa za usiku, na kipande cha mwisho ni mteremko wa theluji ngumu ambako unafunga kucha za chuma chini ya buti. Juu kuna madhabahu ndogo ya Shiva, mungu wa Kihindu, na mbele yake milima ya Swargarohini na Bandarpunch. Kati ya hizi tatu, ni Kedarkantha pekee inayompa asiye na uzoefu hisia ya kufika kileleni hasa, na kwa mtu wa pwani ambaye hajawahi kukanyaga theluji, siku hiyo moja huwa na thamani yake.

## Kufika mwanzo wa njia

Hapa India inaanza mbele. Kenya Airways huruka Nairobi–Mumbai na Air Tanzania huruka Dar es Salaam–Mumbai bila kubadilisha ndege. Kutoka Mumbai unaunganisha hadi Dehradun kwa kupitia Delhi. Kwenda Kathmandu kutoka Afrika Mashariki lazima ubadilishe ndege, mara nyingi Doha, Dubai au Sharjah. Walioko Ghuba ndio wenye unafuu: kwa kuwa Wanepali wengi wanafanya kazi huko, ndege za moja kwa moja kwenda Kathmandu si tatizo.

Barabara nazo zina hesabu yake. Dehradun hadi Sankri ni kilomita 200 hivi, na zinachukua saa nane hadi kumi za kona juu ya kona. Kathmandu hadi Syabrubesi, inakoanzia Langtang, ni fupi zaidi kwenye ramani lakini saa saba au nane, na msimu wa mvua maporomoko huifunga. Kathmandu hadi Pokhara kuna basi la kutwa nzima au ndege ya dakika 25. Jua tu kwamba mashirika ya ndege ya Nepal yamezuiwa kuingia anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2013, na baadhi ya watu huchagua basi kwa sababu hiyo. Mwenye kutapika garini abebe vidonge, njia yoyote atakayoichagua.

## Kitanda na sahani

Katika njia mbili za Nepal unalala kwenye nyumba za wageni za familia. Chumba kina vitanda viwili, godoro jembamba, blanketi nzito na ukuta wa mbao unaopitisha mkoromo wa jirani. Hakuna joto chumbani. Joto liko kwenye chumba cha kulia, kwenye jiko la kuni katikati, na juu yake soksi za mataifa mbalimbali zimeanikwa. Bei ya chumba ni ndogo kwa sababu mwenyeji anategemea ule kwake chakula cha jioni na cha asubuhi. Ukilala kwake ukaenda kula kwa jirani, umemvunjia heshima. Maji ya moto na kuchaji simu hulipiwa, na bei zote hupanda kadiri unavyopanda, maana kila kitu kimeletwa kwa mgongo wa mtu au wa mnyama.

Chakula cha kuagiza ni dal bhat: wali, dengu za mchuzi, mboga na achari. Mla wali wa nyumbani hatakuwa mgeni hapo, na huongezewa mpaka aseme basi. Nyama iache. Imebebwa siku kadhaa bila jokofu, na ukikaa na mboga, suala la halali nalo linakuwa jepesi. Kyanjin kuna kiwanda kidogo cha jibini ya yaki kilichoanzishwa kwa msaada wa Waswisi, onja.

Kedarkantha ni mahema. Kundi lako huja na mpishi, hema la kulia na hema la choo chenye shimo. Chakula mara nyingi ni cha mboga tupu: chapati, dengu, wali. Huhitaji kuagiza wala kuchagua, ila usiku wa Desemba au Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, na kati yako na theluji kuna turubai. Anayehitaji choo usiku afikirie hilo mapema. Mtandao wa simu pia usiutegemee kuanzia Sankri. Nepal nyumba nyingi za wageni huuza intaneti.

Nguo za baridi si za kununua mpya. Koti la manyoya ya bata na begi la kulalia hukodishwa mtaa wa Thamel mjini Kathmandu na Lakeside mjini Pokhara. Buti na kucha za chuma Sankri. Majaketi ya mitumba ya Gikomba au Memorial ya Moshi yanafanya kazi vizuri vilevile. Buti peke yake ndizo nisizokodi: nenda na zako, zilizokwishazoea mguu.

## Msimu

Upepo uleule wa kusi uliokuwa ukisukuma majahazi ya pwani yetu kwenda Bara Hindi ndio unaopeleka mvua Himalaya. Juni hadi katikati ya Septemba njia zote tatu zina mawingu, matope na, upande wa Poon Hill, ruba wanaopanda hadi ndani ya soksi. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani wenye likizo Julai na Agosti tu, hii ni habari mbaya. Huelekezwa Ladakh, kaskazini mwa India, ambako mvua hiyo haifiki sana, lakini mji wa Leh uko mita 3,500, ukishuka ndege unahitaji siku mbili tatu za kukaa tu.

Oktoba na Novemba anga ni safi kote. Machi na Aprili misitu ya Ghorepani hujaa maua mekundu ya lali gurans, ua la taifa la Nepal. Desemba, shule zetu zikiwa zimefungwa, ndipo njia hizi zinaachana: Poon Hill inapitika kwa baridi kavu, Langtang baadhi ya nyumba hufunga na theluji inaweza kuziba njia, na Kedarkantha ndiyo inaingia msimu wake, hadi Aprili, na msongamano mkubwa wiki ya Krismasi.

## Vibali, pesa na dharura

Nepal hutoa viza uwanjani: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda hupata hivyo. Za Somalia na Ethiopia huombea ubalozini. India unaomba viza ya mtandaoni kabla ya safari, na cheti cha homa ya manjano hakina mjadala: sindano iwe imepita siku kumi, la sivyo unaweza kuwekwa karantini.

Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia za Nepal 3,000, na cha hifadhi ya Langtang ni hizohizo, pamoja na kadi ya usajili ya rupia 2,000. Tangu Aprili 2023 mgeni anatakiwa awe na mwongozaji mwenye leseni, na bei ya kawaida ni dola 25 hadi 35 kwa siku. Kedarkantha hununuliwa kama kifurushi cha kundi, na ndiyo nafuu kuliko zote kwa siku. Ada ya hifadhi ya Govind, ambamo Kedarkantha imo, kwa mgeni ni kubwa kuliko ya Mhindi. Langtang na Sankri beba taslimu za kutosha kutoka mjini.

Ukiugua, Poon Hill inakusaidia kuliko zote: jipu linafika karibu. Langtang ni helikopta au miguu, hivyo bima itaje urefu wa mita utakaofika na itaje helikopta. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa uokoaji bandia, ambako watu wenye kichwa kuuma kidogo waliwekwa kwenye helikopta ili bima ilipe. Piga simu kwa bima yako wewe mwenyewe kabla ya kukubali. Kedarkantha unashushwa kwa miguu au nyumbu hadi Sankri, kisha kutwa ya gari hadi hospitali kubwa za Dehradun. Hapo ndipo udhaifu wake.

## Kwa hali yako

Unakwenda na mzazi wa miaka sitini, au na mtoto wa miaka kumi: Poon Hill, kwa mwendo wa siku tano, jipu hadi Ulleri kama magoti yanalalamika.

Umeshapanda Meru au umefika Horombo, mwili unaujua, na una siku tisa au kumi: Langtang itakulipa zaidi. Kama una siku saba kamili kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege, iache. Ratiba ya kubana ndiyo inayoumiza watu huko.

Likizo yako ni Desemba na unataka theluji: Kedarkantha, mradi unavumilia hema na unapenda kutembea na kundi la vijana wa Kihindi wanaoimba hadi saa nne usiku. Mimi hupendekeza wiki ya pili ya Januari.

Unataka ukarimu wa nyumba za watu kuliko kilele: moja ya njia za Nepal, na kama umati unakukera, Langtang.

Na kama uko Delhi kwa jambo jingine, chuo au kumsindikiza mgonjwa, na una siku tatu tu za nafasi, usilazimishe yoyote kati ya hizi. Panda basi la usiku hadi Dharamshala, kisha McLeod Ganj anakoishi Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibeti. Kutoka hapo njia ya Triund, yenye mita 2,850 hivi, hupandwa asubuhi kupitia hekalu la Galu na kushukwa jioni, ukuta wa milima ya Dhauladhar ukiwa mbele yako. Mgonjwa mwenyewe abaki chini mpaka daktari wake aseme vingine.